Saa Nane za Usiku, Newala

Ndoo yangu ni ya thelathini na moja.
Mbele yake dumu la Bi Somoe, limefungwa kitambaa chekundu
lisije likabadilishwa,
na mbele ya dumu usingizi wa watu
waliojikunja ndani ya kanga kando ya kioski cha maji.
Ukungu umepanda kutoka Shimo la Mungu,
umetukalia mabegani kama mgeni asiyejua kuaga.

"Hebu tuhadithie," anasema Somoe, "usiku usogee.
Huko kwenye baridi, saa kama hizi mlikuwa wapi?"

Saa kama hizi, Bi Somoe, tulikuwa foleni vilevile.
Saa nane baa za Galway hufungwa,
taa zote huwashwa kwa mpigo, nyuso zikaumbuka,
na mji mzima ukamwagika barabarani
kusubiri teksi, kusubiri chipsi zilizolowa siki,
wasichana viatu mkononi, peku juu ya mawe,
na mvua,
mvua, Somoe, ikinyesha bila kuombwa.

Nilipelekwa kusomea maji
kwa watu wanaoyatukana.
Kila asubuhi mwenye nyumba wangu, Nuala, alifungua pazia
akayakemea mawingu kama afukuzaye mbuzi mihogoni.
Mimi wiki ya kwanza niliweka beseni nje ya dirisha.
Likajaa. Nikamwaga. Likajaa.
Siku ya tatu nilikaa kitandani nikalia,
na sikupata wa kumweleza kwa nini.

"Na pombe?" Chitanda anainua kichwa toka kwenye dumu lake;
huyu msimu wa mabibo hulala na uraka, huamka nao.
Pombe ilikuwepo. Nyeusi kama maji ya masizi,
juu povu jeupe, na shurti uisubiri itulie;
ukiiwahi, wanakutazama kama uliyekula futari adhuhuri.
Mimi niliagiza sharubati,
lakini raundi ni raundi:
Fergal akinunua, ananunulia meza nzima,
kisha Caoimhe (jina lake lina herufi saba,
mdomoni linatoka Kiva tu, zilizobaki sijui wanampa nani),
kisha zamu yangu,
na pesa ya ufadhili ikayeyuka kwa uungwana.
Mzee akakokota fidla, macho kafumba,
kijana akapiga kigoma cha ngozi ya mbuzi kwa kijiti kifupi,
na miguu yangu, bila kuniomba ruhusa,
ikarudi Mkunya, siku kaka zangu walipotoka jandoni.
Watu wakasogeza viti. Wakauliza, hiyo inaitwaje?
Nikasema sindimba.
Hadi naondoka Fergal aliniita Sindimba.

Jumamosi moja tulipanda basi hadi majabali ya Moher.
Ukuta wa mwamba, na chini kabisa bahari ikijibamiza.
Wenzangu walipiga picha.
Mimi nilitafuta kijia.
Kwetu penye genge kama lile hapakosi kijia,
na kwenye kijia mwanamke,
na juu ya mwanamke ndoo.
Nilichungulia mpaka mlinzi akaniambia nirudi nyuma.

Foleni imesogea hatua mbili, imesimama.
"Miaka miwili umesoma maji," anasema Somoe.
Hana ubaya, anahesabu tu.
"Yako wapi?"

Yako kwenye barua tatu, wilayani, zina mihuri.
Yako kwenye daftari langu, yamechorwa kwa kalamu ya bluu,
yanapanda kutoka bondeni bila kumwagika hata tone.
Sikusema hayo. Nilifunika miguu.

Naye hakuuliza tena.
Alisukuma ndoo yangu kwa unyayo, ikagusana na dumu lake.
"Lala. Nitakusogezea."
"Raundi ni raundi," akadakia Chitanda, kakwamia usingizini.

Kisha huko mbele bomba likakohoa,
na wote thelathini tukaamka kwa mpigo,
nyuso zetu tupu ndani ya ukungu.

Hewa.
Ilikuwa hewa tu.